Inchi Arobaini na Nane

Jumamosi, Juni 14. Hatcher Grove, Pennsylvania

Kitabu hiki kilikuwa cha Kaz. Kurasa za mwanzo ni zake zote: maili, mafuta, kambi gani ina bafu safi, kambi gani ina mbwa wasiolala. Mimi sina habari na maili. Nimekichukua kwa sababu leo nimekasirika, na ndani ya gari-nyumba hili hakuna mtu mzima mwingine wa kumwambia.

Wamemkataa Romy. Tena mbele za watu.

Ngoja niseme kwa utaratibu, maana nikija kusoma Septemba nitataka kukumbuka kila kitu. Romy ni mjukuu wangu, mtoto wa Denise, miaka minane na nusu, miguu kama njiti za kibiriti. Hattie ni treni ya mbao ya bustani hii ya michezo. Inavutwa juu ya kilima cha reli ikilia kwa-kwa-kwa, halafu inaachiwa iporomoke na watu wapige mayowe. Naandika "ni treni", lakini sisi nyumbani tunamtaja kama mtu. Kaz, marehemu mume wangu, alikuwa mshika breki wa Hattie miaka thelathini na mmoja. Kwetu kila mtoto humpanda Hattie kiangazi kile kile anachofikisha inchi arobaini na nane, na Kaz alikuwa akiandika jina lake kwa penseli ndani ya mlango wa kabati la gari-nyumba letu. Yapo majina tisa. Aliyebaki ni Romy peke yake, na Kaz alimwahidi kwamba mwaka huu watakaa wawili, kiti cha mbele kabisa.

Kaz akafa mwezi wa tatu. Na Hattie anabomolewa baada ya Sikukuu ya Wafanyakazi, Septemba mosi. Tangazo wamelibandika getini, na chini yake wamechora ua. Ua!

Penye ngazi za kupandia kuna ubao wenye mkono wa chuma. Mtoto anasimama chini yake. Kichwa kikigusa, anapita. Anayesimamia ni Delphine Odom, mwanamke mrefu kama mlingoti, ambaye Kaz alimfundisha kazi tangu akiwa msichana wa miaka kumi na saba. Chakula changu amekula. Kwenye mazishi alilia kuliko mimi.

"Vua viatu, mpenzi," akamwambia Romy. Akamlaza nywele kwa kiganja. Ule mkono wa chuma ukabaki hewani, haukugusa kitu. "Arobaini na saba na robo. Hapana."

"Delphine, huyu ni mjukuu wa Kaz."

"Namjua, Bi Verna. Hapana."

"Robo tatu ya inchi! Kucha tu hiyo! Nani ataona?"

"Nitaona mimi. Na kile chuma cha kumbana kiunoni kitaona. Na tena, Bi Verna, kuna jambo lingine hapo kwenye bango, ni vizuri ulisome kabla—"

"Usinisomee kitu!" nikamwambia, nikamshika mtoto mkono tukaondoka. Watu wote kwenye foleni walitutazama. Mwanamke wa ubao, huyo. Kumbe hana moyo.

Romy hakulia. Tulipofika kwenye gari akauliza, "Bibi, robo tatu ya inchi ni kama nini?" Nikamwonyesha kwenye kidole gumba changu.

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu."

"Basi tutarudi."

Na tutarudi. Kaz alishaichora safari ya kiangazi kwa wino mwekundu: Ohio, Indiana, kupanda hadi Michigan, kisha kurudi hapa mwisho wa Agosti. Denise ana zamu mbili mbili hospitalini, mtoto niko naye mimi hadi shule zifunguliwe. Gari hili, ambalo Kaz aliliita Jokofu kwa kuwa ni sanduku jeupe lisilo na sura, sijawahi kuliendesha zaidi ya uwanja wa kanisa na hapa. Potelea mbali. Nitaliendesha.

Jumapili, Juni 15

Kwenye mwimo wa mlango wa choo ndipo Kaz alipokuwa akichora vimo vya watu, kila Jumapili baada ya chakula cha jioni. Alama zetu wote zipo, hata yangu. Alinilazimisha mwaka tuliponunua gari. Leo nimemchora Romy mwenyewe, kitabu cha ramani juu ya kichwa chake. Arobaini na saba na robo. Delphine hakukosea, na hilo nalo limeniudhi.

Jumatano, Juni 18. Ohio

Maili sitini. Kioo cha kuangalia nyuma kimelegea: asubuhi nakiweka sawa, jioni naona mawingu.

Jumamosi, Juni 21

Nimeondoka kambini turubai la kivuli likiwa bado wazi ubavuni. Nimeng'oa bendera ya jirani, taa zake za mapambo na kiti kimoja. Romy ananipungia kutoka dirisha la nyuma, mimi nadhani ananifurahia. Jirani kasema, "Pole, bibi, kila mtu hufanya hivyo mara moja." Nimeshafanya ya kwangu.

Jumapili, Juni 29. Indiana

Arobaini na saba na robo. Na unywele, anasema Romy. Mimi sioni huo unywele.

Kioo kimelegea tena.

Ijumaa, Julai 4

Fataki. Romy kala mahindi manne ya kuchoma kwa siagi, anasema mahindi yenyewe marefu, lazima yamrefushe.

Jumapili, Julai 13

Arobaini na saba na robo na unywele. Sasa nauona.

Kila asubuhi ananing'inia kwenye tawi mpaka vidole vinamwachia. Anakunywa maziwa mpaka tumbo linabubujika. Amebandika karatasi ukutani: siku zilizobaki, hamsini. Nilimwambia urefu hauji kwa kuamrishwa. Akaniangalia kwa macho ya Kaz, akaenda kuning'inia.

Jumapili, Julai 27. Michigan

Leo nimemfokea, na nimejifokea mimi pia, kwa hiyo nitaandika yote.

Tulipima baada ya chakula. Arobaini na saba na robo tatu! Nikapiga kelele, nikamkumbatia, nikataka kumpigia Denise simu pale pale. Halafu nikaona mtoto hacheki. Amesimama kama aliyemeza ufagio.

"Romy. Vua soksi."

"Miguu ina baridi."

"Julai hii? Vua soksi."

Zikatoka karatasi zilizokunjwa, nne kila mguu, kutoka boksi la nafaka za asubuhi. Hasira zilinipanda hadi masikioni. Nikamwambia, "Babu yako alisimama kwenye breki ile miaka thelathini na mmoja. Hakupitisha hata mtoto mmoja kwa ujanja! Hata mmoja! Unajua chuma kile kikimshika mtu juu ya goti badala ya kiunoni kinatokea nini pale kilima cha kwanza?"

"Lakini wewe ulimwambia yule mama anipitishe," akasema. "Ulimwambia nani ataona."

Nikatoka nje. Nikakaa kwenye ngazi ya gari. Ni kweli. Nilisimama mbele ya foleni nzima nikamwomba Delphine afanye kitu ambacho Kaz angemfukuzia kazi, tena nikatumia jina la Kaz kumwombea. Nimeona aibu. Naiandika hapa ili nisije nikajisahaulisha.

Nikarudi ndani, tukapima bila soksi. Arobaini na saba na nusu.

"Hiyo ni yako," nikamwambia. "Robo nzima umeipata mwenyewe, hujaiiba."

Akalia sasa, kwa mara ya kwanza tangu Juni. Tukala keki ya cheri kwa mikono.

Ijumaa, Agosti 8

Tumehamia kambi ya ziwani. Jirani ni Burl, mzee wa Kentucky, dereva wa malori mstaafu, mwenye trela na kigari chekundu cha kuvutia kuni. Alinitazama nikiegesha kwa robo saa, kisha akaja na kikombe chake.

"Mama, hilo gari unaliendesha, au linakuendesha?"

"Tunapokezana," nikamwambia. Kacheka mpaka kahawa ikammwagikia. Kanifundisha kupima upepo wa tairi bila kujichafua.

Jumapili, Agosti 17

Arobaini na saba na nusu, na kitu. Joto kali. Kioo kimelegea.

Jumanne, Agosti 19

Denise kapiga simu. Shule zinafunguliwa tarehe ishirini na saba.

"Mama, mlete mtoto. Ni treni tu."

"Si treni tu."

"Na kama hatafika kimo? Umemzungusha majimbo manne uje umvunje moyo siku ya mwisho?"

"Akivunjika moyo nitakuwepo."

Akasema, na sauti yake ilikuwa ya utotoni, "Baba alinikataa mimi siku yangu ya kuzaliwa. Darasa zima lilikuwepo, na kofia za karatasi. Unakumbuka?"

"Nakumbuka. Hukumsemesha wiki mbili. Nami nilikuwa upande wako, nilimnyima hata chai."

"Mwaka uliofuata nilipopita, nilijua nimepita kweli." Nikamsikia akipenga kamasi. "Siku tatu nne za shule hazitamwua. Lakini tarehe mbili awe nyumbani."

Nimewaza juu ya Delphine jioni nzima. Aliponikatalia Juni, macho yalikuwa mekundu. Nilidhani ni vumbi.

Jumapili, Agosti 24

Arobaini na saba na robo tatu kamili. Halali, miguu mitupu, Burl shahidi.

Robo moja imebaki, na siku nane. Mtoto alichukua ile robo ya kwanza wiki sita. Hata mimi niliyeacha hesabu darasa la nane najua haifiki. Romy naye anajua. Akatoka kwenda kukaa ufukweni, ametugeuzia mgongo wake mdogo.

Ili nisilie mbele ya Burl nikaanza kulalamikia kioo. Nikamwambia nimekikaza mara tatu na bisibisi, asubuhi kiko sawa, jioni kinanionyesha mbingu.

Burl akanitazama kwa huruma. "Kioo hakina kosa, mama. Wewe ndiye unayepungua."

"Ala! Mimi?"

"Nimeendesha malori miaka thelathini na minane. Mtu anaamka mrefu, analala mfupi. Kichwa na mabega vinaubonyeza mgongo mchana kutwa. Jioni umekaa chini zaidi ya asubuhi, ndiyo maana unaona mawingu. Kila dereva anajua hilo."

Nikaweka kikombe chini taratibu. Tangu Juni tumempima mtoto jioni. Kila Jumapili, baada ya chakula cha jioni, kwa kuwa Kaz alizoea hivyo.

"Na mtoto naye hupungua?"

"Mtoto ana mgongo au hana?"

Jumatatu, Agosti 25

Saa kumi na mbili unusu asubuhi, kabla hata hajafikicha macho, nimemtoa kitandani nimemsimamisha mwimoni. Arobaini na nane! Na unywele juu yake!

Akataka kuruka. "Usiruke!" nikampigia kelele. "Simama hapo hapo!" Tukangoja nusu saa, tukapima tena: kasoro kidogo. Baada ya saa nzima, kasoro zaidi. Kwa hiyo inchi tunayo, ila inayeyuka mapema kama siagi.

"Bibi, huu si ujanja kama wa soksi?"

Nimelifikiria kabla ya kumjibu. "Karatasi zilikuwa za boksi la nafaka. Huu mgongo ni wa nani?"

"Wangu."

"Basi."

Mpango: bustani inafunguliwa saa nne. Romy hatasimama wala kukaa hadi afike ubaoni. Burl katuazima kigari chake cha kuni, kakisugua, katandika blanketi. Anasema akiwa na miaka sabini na saba hakutegemea kupakia mzigo wa namna hii.

Alhamisi, Agosti 28. Ohio

Mvua.

Ijumaa, Agosti 29

Mvua. Romy anafanya mazoezi ya kulala kwenye kigari ndani ya gari, hakuna pa kupita. Nimemruka mara ishirini.

Jumamosi, Agosti 30

Mvua. Redio inasema Jumatatu asubuhi kutakuwa kukavu, radi zitaanza mchana. Radi zikianza wanamfunga Hattie. Kwa hiyo tuna asubuhi moja tu.

Jumapili, Agosti 31. Hatcher Grove, namshukuru Mungu

Mikono inanuka mpira na matope, lakini lazima niandike.

Maili arobaini kutoka hapa barabara kuu ilikuwa imefungwa kwa mafuriko. Wakatuelekeza njia ya mashambani. Nikaifuata kama mjinga, nikapinda kona, na mbele yangu daraja la reli, la chuma, la zamani, limekaa chini juu ya barabara. Bango: futi kumi na moja, inchi mbili. Kwenye dashibodi Kaz alibandika kikaratasi kwa mwandiko wake: JOKOFU NI FUTI 11, INCHI 2 NA NUSU. USISAHAU, VERNA. Aliniandikia mimi. Alijua siku itafika nitaendesha.

Nilisimama. Nyuma yangu kulikuwa na gari dogo la mizigo, na nyuma yake kijito kilikuwa kimeshaanza kuvuka lami. Mwenye gari akapiga honi, akatoa kichwa.

"Bibi, rudi nyuma!"

"Rudi wewe! Umeona maji hayo?"

Akageuka, akaona, akatukana, akashuka. Nami nikashuka. Romy akapanda ngazi ya nyuma ya gari na koti lake la mvua, akachungulia juu ya paa. "Paa ndilo litakalogusa, Bibi! Linazidi kidogo tu! Kama unene wa kipande cha mkate!"

Nusu inchi. Mungu wangu, nilianza kucheka pale kwenye mvua, yule mwanamume akadhani nimerukwa na akili. Kisha nikapiga moyo konde, nikatoa kile kipimo cha upepo alichonifundisha Burl, nikapiga magoti kwenye tairi la mbele, nikaanza kutoa upepo. Tairi ziko sita. Yule bwana alishuka kuja kunifokea, akaishia kulala matopeni akitoa upepo tairi za nyuma, na jina lake ni Orrin, na mkewe anamngoja na kuku mezani.

"Bado!" Romy akipiga kelele kutoka juu. "Bado! Bado! Sasa! Hapana, bado! SASA!"

Nikamshusha, nikaingia, nikaliendesha Jokofu chini ya daraja kwa mwendo wa konokono. Juu kitu kilikwaruza, krrrr, urefu wote wa gari, na meno yangu yote yalikuwa yakisaga pamoja nacho. Tukatokea upande wa pili. Orrin akapita akipiga honi, safari hii ya furaha. Pampu yetu ya umeme ilichukua saa mbili kujaza tairi zote.

"Bibi," Romy akasema tukiwa tumekaa tukisikiliza pampu, "Jokofu limezidi, mimi nimepungukiwa. Tungeazimana."

Nilicheka hadi nikajikojolea kidogo. Hilo nalo naliandika, potelea mbali.

Tumeegesha kambi ya ng'ambo ya uzio wa bustani. Hattie anaonekana hapa dirishani, mbao zake zimelowa, nyeusi. Romy ameshalala. Nimemwekea mto chini ya magoti, anyooke.

Jumatatu, Septemba 1

Nimeamka saa kumi na moja. Kavu. Upande wa magharibi mawingu yamejikunja.

Romy kanywa chai kwa mrija, chali. Saa tatu na robo nikamviringisha kutoka kitandani hadi kwenye kigari kama ninavyoviringisha unga wa pierogi, vile viandazi vya kuchemsha, nikamfunika blanketi, nikavuta. Mwili wangu una miaka sitini na tisa na magoti mabovu mawili. Kutoka kambini hadi getini ni mlima. Nilivuta.

Getini kijana mmoja akauliza kama mtoto anaumwa. "Hajambo," nikasema. "Ni mrefu." Akatupisha.

Saa nne kamili kamba ikaondolewa na watu wakaanza kukimbia, maana kila mtu alitaka Hattie siku ya mwisho. Mimi siwezi kukimbia. Nikavuta kigari katikati ya umati, nikipiga kelele, "Njia! Njia! Mzigo!" na magurudumu yakilia. Romy chini akitazama mbingu, mikono imebana ubavuni, anarudiarudia, "Nisikae, nisikae, nisikae." Tulipofika foleni ilikuwa na watu kama sitini. Nikaangalia saa, nikaangalia mawingu.

Kisha nikamwona Delphine. Alikuwa amesimama penye ubao, anatutazama juu ya vichwa vya watu, mimi na kigari na mtoto aliyelala kama maiti. Akaangalia. Akaelewa. Sijui ni nani alimwambia. Labda mtu akisimama kwenye ubao ule miaka ishirini na minne huona kila kitu.

"Pisheni kigari hicho!" akapaza sauti. "Asikae! Mlete hivyo hivyo!"

Watu wakapisha. Tukamwinua Romy sisi wawili, mmoja kichwani na mwingine miguuni, tukamsimamisha penye ubao kama tunasimamisha nguzo. Miguu mitupu. Delphine akamlaza nywele kwa kiganja, akazibana hasa, hakumpa hata unywele. Nilimwona akifunga macho kidogo kabla ya kuushusha ule mkono wa chuma.

Ukasema tik.

Mdogo kabisa, mlio wa kijiko kwenye kikombe. Romy akauliza, bila kusogeza midomo, "Umegusa?"

"Umegusa," Delphine akasema. "Arobaini na nane, mpenzi. Za kweli."

Foleni nzima ilipiga makofi. Mimi nililia wazi, sikujificha. Nikamshika Delphine mkono nikamwambia, "Juni nilikukosea. Nisamehe."

"Kaz angenisamehe mimi kama ningempitisha?"

"Asingekusamehe."

"Basi hakuna cha kusamehe." Akapangusa macho, halafu akaonyesha bango. "Sasa lile jambo ulilokataa nikusomee, Bi Verna."

Nikasoma. Mstari wa kwanza naujua kama sala ya Baba Yetu. Mstari wa pili, kiangazi kizima, sikuwahi kuutazama: MTOTO WA CHINI YA INCHI 52 LAZIMA APANDE NA MTU MZIMA.

Ndiyo maana Kaz alisema watakaa wawili.

"Panda naye wewe," nikamwambia Delphine haraka.

"Mimi leo nashika breki."

Nikageuka nikatafuta mtu yeyote tunayemjua. Hakukuwa na mtu yeyote. Sasa niandike jambo ambalo nimelificha ndani ya kitabu hiki tangu mwanzo: sijawahi kumpanda Hattie. Miaka thelathini na mmoja nilimletea Kaz chakula cha mchana, nikakaa kwenye benchi la chini na mikoba ya watu wote, nikasema mimi nashika mikoba. Watoto wangu wote walipanda, na wajukuu, nami nikashika mikoba. Kwa woga tu. Hakuna sababu nyingine. Kaz aliniomba miaka kumi hivi, halafu akaacha kuniomba, na hilo la kuacha ndilo lililokuwa likiniuma tangu Machi.

Romy hakuniomba. Alinishika kidole kimoja akasema, "Bibi, unaogopa?"

"Sana."

"Mimi pia."

Nikamkabidhi mwanamke wa nyuma yangu mkoba wangu, mtu nisiyemjua hata jina. Tukakaa kiti cha mbele kabisa. Delphine akakishusha chuma, akakivuta mara mbili kwa Romy, mara mbili kwangu, akaenda kwenye breki.

Kwa-kwa-kwa. Juu kabisa nililiona Jokofu ng'ambo ya uzio, na mkwaruzo wake mrefu paani. Kisha hapakuwa na kitu chini yetu. Nilipiga mayowe, nikasema maneno ambayo kasisi wetu asingeyapenda, na kando yangu mtoto alikuwa akicheka, anacheka tu, nywele zimemsimama wima. Kilima cha pili nilifungua macho. Cha tatu nilikuwa nacheka mimi.

Na mwishoni, treni ikija kasi, breki zikashika: moja, mbili, na ya tatu ndefu na laini. Hiyo ni ya Kaz. Kila mshika breki ana namna yake, na hiyo ni ya Kaz, Delphine ameishika vile vile. Nimeisikia miaka thelathini na mmoja kutoka kwenye benchi. Leo imenipita mwilini, kifuani, kwenye magoti yangu mabovu. Nilibaki nimeshika chuma hata kilipofunguliwa, nikamwambia, "Haya, Kaz. Nimepanda."

Saa saba kasoro radi zikaanza. Wakamfunga Hattie, na hawakumfungua tena.

Sasa ni saa tisa, mvua inapiga paa, tumekula soseji na mkate. Nimefungua kabati na kuandika jina la kumi kwa penseli ya Kaz: ROMY, SEPTEMBA 1. Nilitaka kufunga, lakini Romy akazuia mlango.

"Bado mmoja."

Akanisimamisha mwimoni, akapanda juu ya kiti, akaniwekea kitabu cha ramani kichwani na kunibana nywele kwa kiganja kama Delphine. Akachora. Tukageuka kutazama. Alama yangu aliyoichora Kaz mwaka ule ilikuwa juu, inchi sitini na tatu. Hii ya leo ilikuwa chini yake kwa upana wa vidole viwili.

"Umepungua, Bibi."

"Nimepungua."

Akapima kwa macho, kwa makini, hana haraka. Kisha akaenda kabatini na kuandika chini ya jina lake, kwa herufi kubwa zilizopinda, BIBI VERNA.

"Lakini unapita," akasema.